Kidole Kinachowasha Taa

Kuna tafauti baina ya kazi ya sanaa iliyo bora na kazi ya sanaa iliyo kipenzi. Ubora una baraza lake: kazi huletwa mbele ya wajuzi, hupimwa kwa mizani inayojulikana, hubishaniwa, na baada ya miaka mingi aghalabu hufikiwa mapatano. Upenzi hauna baraza. Mtu aweza kukiri, tena kwa dhati, kwamba utenzi fulani ndio kilele cha lugha yake, kisha usiku anapotaka kusoma kwa ajili ya nafsi yake akanyoosha mkono rafuni na kutoa kitabu kingine kabisa. Hajajipinga. Amejibu maswali mawili mbalimbali. Swali la kwanza ni la sanaa. La pili, ingawa kwa sura linaonekana kuwa la ladha tu, kwa undani wake ni la maadili, kwa kuwa mtu hukipenda kitabu kwa sababu ya kitu anachokitamani, na matamanio ya mtu si jambo la kupitwa bila ya kuulizwa.

Swali hilo huzidi ugumu pale kitabu chenyewe kinapokuwa cha aina inayodharauliwa. Miongoni mwa aina hizo ni vibonzo vya mashujaa wa ajabu, na khasa vile vinavyohusu uhalifu na upelelezi. Wengi huviona kuwa ni vitu vya watoto: mtu mzima aliyevaa joho na kinyago, anaruka juu ya mapaa usiku na kuwapiga wabaya ngumi mpaka wakazimia. Dharau hiyo ina sababu zake, lakini haina msingi imara. Watu wa Pwani ndio wa mwisho kustahiki kumcheka shujaa kwa kuwa mwili wake ni wa ajabu, kwani Fumo Liyongo wa tendi zao hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe wa kumzaa. Ajabu ya mwili wa Liyongo haikuifanya habari yake kuwa ya kitoto. Imeitia uchungu, kwa sababu mtu asiyeweza kushindwa kwa nguvu ilibidi ashindwe kwa khiana. Basi la kuuliza mbele ya shujaa yeyote wa ajabu ni hili: nguvu zake zimewekwa pale ili zifichue nini kuhusu watu wasiokuwa nazo?

Katika vibonzo vya Marekani, mfululizo uliolichukua swali hilo kwa uzito mkubwa ni Gotham Central. Ulichapishwa na kampuni ya DC Comics baina ya mwaka 2003 na 2006, matoleo 40 kwa jumla. Waandishi wake wakuu walikuwa wawili, Ed Brubaker na Greg Rucka, na mchoraji aliyeupa sura yake ya mwanzo ni Michael Lark. Haukuwa miongoni mwa vibonzo vilivyouzwa sana katika miaka yake. Hata hivyo wapo wasomaji ambao, wakiulizwa ni kibonzo gani cha uhalifu kilicho karibu mno na nyoyo zao, huutaja huo kabla ya vile vyenye majina makubwa zaidi. Upenzi wao unafaa kuchunguzwa, kwani si rahisi kuueleza kwa sababu za kawaida. Huu ni mfululizo wa mji wa Batman ambamo Batman mwenyewe haonekani ila kwa nadra.

Ili kufahamu uzito wa jambo hilo hapana budi kurudi nyuma. Batman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1939, katika toleo la 27 la jarida la Detective Comics. Waliomuumba ni mchoraji Bob Kane na mwandishi Bill Finger, ingawa jina la Finger, aliyefariki mwaka 1974, halikutambuliwa rasmi pamoja na la Kane mpaka mwaka 2015. Kuna jambo katika hadithi ile ya kwanza ambalo husahauliwa: kabla shujaa hajaanza kazi yake, tayari yupo afisa wa polisi, Kamishna Gordon, ameketi na kuzungumza na kijana tajiri ambaye hajui kuwa ndiye mwenye kinyago. Mlinzi wa sheria na mvunja sheria mwenye nia njema walizaliwa siku moja. Lakini kwa miongo mingi mmoja wao alikuwa pambo tu. Polisi wa Gotham walifika wakati wahalifu wamekwisha kufungwa kamba, wakashukuru, wakaondoka.

Sheria za uchapishaji ziliwazidishia uduni huo. Mwaka 1954, baada ya daktari Fredric Wertham kutoa kitabu kilichodai kwamba vibonzo vinawaharibu watoto, wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni za kujichunga. Mhalifu sharti aadhibiwe. Askari, mahakimu na viongozi wa serikali wasichorwe kwa namna itakayowavunjia heshima. Nia ilikuwa ni kuyalinda mamlaka, na matokeo yake yakawa ni kuwaua askari kisanaa, kwa maana mtu asiyeruhusiwa kukosea hana hadithi ya kusimuliwa. Kanuni hizo zililegezwa mwaka 1971, zikaendelea kudhoofika, na DC yenyewe ikaziacha kabisa mwaka 2011. Brubaker na Rucka waliandika katika zama za udhaifu wake, nao wakawarudishia askari wa Gotham kile walichonyang'anywa mwaka 1954, yaani uwezo wa kukosea.

Ndani ya jina lenyewe la aina hii mna ugomvi. Hadithi ya upelelezi hujengwa juu ya uchache wa nguvu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia katika fasihi ya Kiswahili na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hamtishi mtu kwa silaha. Anacho kiko chake na akili yake, na msomaji humfuata kwa kuwa naye ana akili na aweza kujaribu kushindana naye. Hadithi ya shujaa wa ajabu hujengwa juu ya wingi wa nguvu. Zinapokutanishwa hadithi hizi mbili, aghalabu ya pili huimeza ya kwanza. Mlango unaoweza kuvunjwa kwa teke hauhitaji ufunguo, na mhalifu anayeweza kuning'inizwa juu ya ghorofa mpaka akaungama hahitaji kupelelezwa. Ndiyo maana vibonzo vingi vya aina hii huanza na fumbo na kumalizikia kwa ngumi.

Gotham Central imeutatua ugomvi huo kwa hila nyepesi. Imemwacha mwenye nguvu juu ya paa, na kumshusha msomaji ghorofa za chini, katika ofisi ya kikosi cha makosa makubwa, mahali penye madawati yaliyobanana, mafaili, simu, vikombe vya kahawa na watu waliochoka. Kikosi kimegawanywa kwa zamu, na waandishi nao waligawana vivyo hivyo: Rucka zamu ya mchana, Brubaker zamu ya usiku. Lark amewachora watu hawa bila ya kuwapamba. Nyuso zao zimo nusu kivulini, mabega yao yameinama, na makoti yao yanaonekana kama yaliyovaliwa siku mbili mfululizo. Mpenzi wa mashairi ataifahamu mara moja nidhamu ya kurasa hizi. Visanduku vya picha ni kama vipande vya mshororo, na baina ya kisanduku na kisanduku pana pumziko ambalo msomaji hulijaza mwenyewe. Lark hulitumia pumziko hilo kuficha mambo makubwa. Mtu anaulizwa swali. Katika kisanduku kinachofuata hakuna neno lolote, ila uso wake. Katika cha tatu jibu limekwisha kufahamika. Mahali ambapo vibonzo vingine vingeweka kishindo, hapa pamewekwa kimya.

Kisa cha kwanza kinauweka wazi msiba wa watu hawa. Wapelelezi wawili, Marcus Driver na mwenzake Charlie Fields, wanakwenda kubisha mlango kwa ajili ya kumtafuta msichana aliyepotea. Ni kazi ya kawaida, ya kufuata fununu ndogo. Anayekaa nyuma ya mlango ule si mtekaji wa msichana, ni Mr. Freeze, mmoja wa maadui wakubwa wa Batman, mwenye silaha ya kugandisha. Fields anauawa. Driver anabaki hai, na tangu saa ile wapelelezi wanaanza kupigania jambo ambalo kwa mtu wa nje laonekana kuwa ni upuuzi: wanataka wampate muuaji wao wenyewe, kabla usiku haujaingia na taa ya juu ya paa haijawashwa.

Kwa nini? Batman angefanya haraka zaidi, tena kwa khatari ndogo zaidi kwa wote. Mwenye kupima mambo kwa matokeo peke yake atasema kwamba Driver ana kiburi, na kwamba kiburi cha askari kisilipwe kwa roho za raia. Hoja hiyo ni nzito, na waandishi hawaikwepi: mwishowe taa inawashwa, na Batman ndiye anayemshinda Freeze. Kinachombakia Driver ni kesi ya yule msichana, kesi ndogo ambayo haina jina kubwa ndani yake, aliyokuwa akiifuata mwenzake siku aliyokufa. Anashikilia kwamba hiyo itamalizwa na polisi, kwa njia za polisi. Naye anaimaliza. Hapa ndipo penye fikra ya kwanza ya kitabu. Haki haiishi katika matokeo tu. Imo pia katika swali la nani aliyeitenda. Deni la marehemu halilipwi na tajiri mpita njia. Hulipwa na jamaa zake, hata kama watalilipa kwa taabu na kwa kuchelewa, kwa sababu kulilipa ndiko kunakowafanya wawe jamaa.

Fikra ya pili imo katika kidole cha karani. Ile taa kubwa yenye alama ya popo imewekwa juu ya paa la makao makuu ya polisi. Ni mali ya mji, inatumia umeme wa mji, na kila mkaazi huiona ikiwaka mawinguni. Lakini serikali ya mji haiwezi kukiri kwamba inamtumia mtu asiyejulikana jina, asiyeapishwa, anayevunja milango bila ya hati na kuwapiga watu bila ya hukumu. Lau askari ataiwasha taa hiyo kwa mkono wake, itakuwa sheria yenyewe imemwita mvunja sheria. Basi imepatikana njia. Ofisini yupo msichana aitwaye Stacy, karani wa muda, asiye askari wala ofisa. Yeye ndiye anayepanda ghorofani na kuiwasha. Wapelelezi husimama kando wakiangalia.

Jambo hili limeelezwa katika kitabu bila ya makelele, kama desturi ya ofisini ambayo kila mtu ameizoea, na kwa sababu hiyo linachoma zaidi. Ni picha kamili ya dola inayokopa mkono ili yenyewe ibaki na mikono safi. Hakuna aliyedanganya, kwa maana ya kutamka uongo. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Kila mmoja ameutimiza wajibu wake kwa mujibu wa maandishi, na kitendo kimefanyika. Anayebeba maana yake yote ni mtu mwenye mshahara mdogo kuliko wote jengoni. Waandishi wa falsafa wameandika mengi kuhusu unafiki wa mamlaka. Ni nadra kuukuta umewekwa kwa udogo kama huu, katika kidole kimoja cha karani.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuifahamu taa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika sehemu za Usukuma na Unyamwezi, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi walijiunda katika makundi ya sungusungu. Walikamata, walihukumu, waliadhibu, na wizi ukapungua. Viongozi waliwasifu, ingawa sheria iliyokuwapo haikuwaruhusu kufanya waliyoyafanya, na malalamiko ya watu walioteswa nayo yalikuwapo. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata. Tanzania, kwa maana hiyo, ilifanya jambo ambalo Gotham haikuthubutu kulifanya: iliukiri mkono iliokuwa ikiukopa, na kwa kuukiri ikajitwisha dhamana ya kuuwekea mipaka. Kama mipaka hiyo ilitosha au haikutosha ni swali jingine, lakini angalau pana mtu wa kuulizwa. Kidole cha Stacy kimebuniwa ili pasiwe na mtu wa kuulizwa.

Na liko jambo la karibu zaidi kuliko sungusungu. Katika miji mingi ya eneo hili, neno moja likipigwa kelele sokoni, "Mwizi!", hutosha kumtoa mtu roho kabla askari hajafika. Wanaokimbilia mawe si majambazi. Aghalabu ni watu wa kawaida, wauza mboga, makuli, wanafunzi, ambao wameona mara nyingi mno mwizi akipelekwa kituoni asubuhi na kurudi mtaani jioni. Wanajichukulia sheria mikononi kwa kuwa wamekata tamaa na mikono iliyokabidhiwa sheria. Uchungu wao ni wa kweli. Anayemshangilia Batman na anayeokota jiwe wanakunywa katika kisima kimoja. Wanatamani haki iliyo fupi, isiyo na mafaili wala tarehe za kesi. Tafauti yao ni kwamba Batman, kwa kuwa ameandikwa, hakosei mtu. Mwandishi amemwonesha msomaji mapema kwamba yule anayepigwa ni mhalifu kweli. Umati hauna mwandishi wa kuwaonesha. Na hapo ndipo ulipo udanganyifu wa vibonzo vingi vya mashujaa: havisemi uongo kuhusu nguvu, ambazo kila mtu anajua kuwa ni za kubuni, vinasema uongo kuhusu yakini. Vinamzoesha msomaji raha ya kupiga ambayo haina shaka ndani yake.

Gotham Central inairejesha shaka. Inafanya hivyo kwanza kwa kuonesha mahali ambapo nguvu hazifiki. Kisa kiitwacho "Half a Life", kilichochukua matoleo ya 6 hadi 10 na kupata tuzo ya Eisner mwaka 2004, kinamhusu mpelelezi Renee Montoya, binti wa wahamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika. Siri ya maisha yake, ambayo amewaficha wazazi na wafanyakazi wenzake, inatundikwa kwa picha katika ubao wa ofisi: anampenda mwanamke mwenziwe. Aliyepanga fedheha hiyo ni Harvey Dent, Two-Face, aliyekuwa zamani mwendesha mashtaka kabla ya nusu ya uso wake kuunguzwa kwa tindikali. Anafanya hivyo kwa kuwa, kwa maneno yake, anampenda, na ameona kwamba akimwondolea kazi, jina na jamaa, hatabakiwa na mtu mwingine ila yeye. Batman anafika mwishoni, na yule adui anakamatwa. Lakini kisa hakimaliziki hapo. Wazazi wa Montoya wamekwisha kusikia, nao wanamkataa. Msomaji hahitaji kuwa na rai moja na wahusika hawa katika kila jambo ili aone kilichosemwa. Yupo mtu anayeweza kuizuia risasi isimpate binti. Hayupo anayeweza kumrudishia baba yake. Majeraha mengi ya wanaadamu yako upande huo wa pili, upande ambao joho na kinyago havina kazi.

Lakini kisa kinachokifanya kitabu hiki kiwe kipenzi kwa maana ya ndani kabisa ni kile cha Jim Corrigan, kwa sababu hicho ndicho kinachomgeukia msomaji mwenyewe. Corrigan ni mtaalamu wa polisi anayekusanya ushahidi mahali palipotendeka uhalifu. Ni mwizi. Huiba vielelezo na kuviuza kwa watu wapendao kuhodhi vitu vya maafa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya Corrigan ni sare ile ile. Baada ya mapambano ya risasi, mwenzake Montoya, Crispus Allen, mtu mtulivu mwenye mke na watoto, anachunguzwa kwa kutumia silaha yake, na risasi inayoweza kumwokoa haionekani. Corrigan ameiiba. Montoya anamjua, anamfuata, na anampiga mpaka anapata anachokitaka. Allen anasafishwa jina.

Msomaji afikapo ukurasa huo hufurahi. Ni furaha ya asili. Rafiki ameokolewa, mwizi amepata alichostahiki, na hakuna karatasi iliyojazwa. Montoya, kwa saa moja, amekuwa Batman. Ila waandishi hawakuliacha jambo hapo. Kwa kuwa mtuhumiwa amepigwa na askari, mashtaka yaliyokuwa yakiandaliwa dhidi yake yanaharibika, na Corrigan anabaki kazini. Allen anapokuja kulijua hilo, haoni raha na uhuru wake. Anaanza kumchunguza Corrigan kwa siri, kwa njia ndefu, njia ya ushahidi. Katika matoleo ya mwisho Corrigan anamuua. Na kwa mara nyingine sheria inashindwa kumgusa.

Mnyororo huo una pete chache tu, na kila pete ni nyepesi. Ngumi zilizomwokoa Allen ndizo zilizomhifadhi muuaji wake. Kitabu hakimhukumu Montoya, wala hakisemi kwamba angepaswa kumwacha rafiki yake aangamie kwa ajili ya kanuni. Kinaonesha tu kwamba kila anayekata njia huacha pengo katika ua, na anayepita baadaye katika pengo hilo hachaguliwi na aliyelikata. Mafunzo mengi ya maadili huja kwa sauti ya mwalimu. Hili huja kwa sauti ya mhasibu, ambaye hakukataza manunuzi, lakini amehifadhi hesabu.

Hapo pana neno la kusemwa dhidi ya kitabu. Mtu aweza kudai kwamba kinawapendekeza polisi kupita kiasi, kwamba watu wa Driver na Montoya wana uchungu na insafu ambayo raia wengi, katika miji mingi, hawajaikuta kituoni. Ni kweli kwamba msomaji anaketi upande wa askari tangu mwanzo mpaka mwisho, na kwamba anayehojiwa katika chumba kidogo mara chache hupewa ukurasa wake mwenyewe. Upungufu huo upo. Hata hivyo kitabu kinachomalizika kwa askari mwema aliyeuawa na askari mwovu, na mwovu akaachwa huru na taratibu zao wenyewe, si kitabu cha kuwasafisha polisi. Kinachopendekezwa ndani yake ni kazi ya polisi kama ingepaswa kuwa: kubisha mlango kabla ya kuingia, kuuliza, kuandika, kushuku, kukosea na kurudi tena. Kukiona kipimo hicho kimewekwa wazi ni kujua pia umbali uliopo baina yake na vituo vya kweli.

Neno la pili ni kwamba upenzi hauhitaji hoja zote hizi. Kipenda roho hula nyama mbichi, na anayependa vibonzo apende. Hilo ni sahihi kwa maana moja, kwani hakuna aliyewahi kukipenda kitabu kwa kushindwa katika mjadala. Ila mwenye kupenda anaweza kuulizwa kitabu chake kinamlisha nini. Kuna vitabu vipenzi vinavyomlisha mtu tamaa yake, siku baada ya siku, mpaka akadhani kwamba tamaa hiyo ndiyo haki. Na kuna vichache vinavyompa tamaa hiyo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili vikamwonesha bei yake. Vya aina ya pili havipendwi kwa sababu vinaburudisha zaidi. Hupendwa kama apendwavyo sahibu mkweli, yule anayekubali kwamba umedhulumiwa, anayekaa nawe katika hasira yako, kisha kabla hujatoka akakuuliza unakwenda wapi na hilo jiwe.

Katika toleo la 25, baada ya msiba uliotokana na Batman kutaka kuwaamrisha polisi, mkuu mpya wa polisi wa Gotham, Michael Akins, anaamuru taa ing'olewe juu ya paa. Laonekana kuwa ni ushindi wa sheria, lakini halileti nafuu yoyote inayoonekana. Wahalifu ni wale wale, na Corrigan yumo ofisini. Kuondoa taa kumeondoa unafiki mmoja; hakukuleta uadilifu. Uadilifu ni kazi nyingine, na haina swichi.

Toleo la 40, la mwisho, linamkuta Montoya nyumbani kwa Corrigan, bastola mkononi. Allen amekwisha kuzikwa. Msomaji, baada ya kurasa zote hizo, anajua kwa yakini kamili kwamba mtu aliye mbele ya mdomo wa bastola ni muuaji. Ile shaka iliyowalinda wengine haipo hapa. Kila kitu kinachotajwa dhidi ya umati wenye mawe, kwamba huenda wamemkosea mtu, hakina nguvu katika chumba hiki. Montoya hafyatui. Haelezi kwa nini, na waandishi hawamsemei. Anatoka, anaikabidhi beji yake, na anaacha kazi.

Hakuna aliyeshinda. Muuaji yu hai, sheria haijamtia mkononi, na askari mzuri wa mwisho ameondoka kwa sababu amejiona alivyokaribia. Msomaji aliyezoea vibonzo vingine hukifunga kitabu akiwa na kiu, naye ana haki ya kuwa nayo, kwani alitaka risasi ile itoke. Amekaa na tamaa hiyo, ameijua kuwa ni yake wala si ya mhusika, na hakuna mtu mwenye joho aliyekuja kumtulia mzigo huo.

Wapo wasomaji wanaokirudia kitabu hiki, wakijua vyema kwamba Montoya hatafyatua safari hii pia.